Hans Meyer: alishindwa mara mbili, mara ya tatu akafika kilele cha Kilimanjaro

Ukisimama Mkokotoni karibu na soko la samaki ukatazama bahari, utaiona Tumbatu, madau na ngalawa. Mlima hutauona. Unguja nzima haina mlima. Hata vilima vya Masingini, karibu na mjini, havizidi sana mita 100 kutoka usawa wa bahari. Kilimanjaro, ulioko bara, una mita 5,895.

Hata hivyo habari ya mtu wa kwanza anayejulikana kufika kilele cha mlima huo inapitia Unguja. Alishuka meli hapa, akatafuta wapagazi na bidhaa za safari hapa, na aliposhindwa vibaya alirudi hapa. Jina lake ni Hans Meyer, Mjerumani, na amefariki karibu miaka 100 iliyopita.

Leo tunayaeleza maisha yake kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu wengi wanaokwenda bara kusoma au kufanya kazi hutamani kuupanda mlima huu, na safari za Meyer zinafundisha mengi kuhusu namna ya kupanda na namna ya kurudi salama. Pili, jina lake limeandikwa kila mahali, lakini watu waliomwezesha kufika wametajwa kidogo sana. Tunaona ni haki habari zao zisimuliwe pamoja na zake.

Mtoto wa wachapaji vitabu

Hans Meyer alizaliwa tarehe 22 Machi 1858 katika mji mdogo wa Hildburghausen, Ujerumani. Babu yake, Joseph Meyer, alianzisha kampuni kubwa ya kuchapa vitabu. Kampuni hiyo ilipata umaarufu kwa kamusi elezo yake, yaani vitabu vinene vinavyoeleza kila jambo kuanzia A hadi Z. Baadaye familia ilihamia Leipzig pamoja na kampuni.

Kwa hiyo Hans alikulia katika mali na vitabu. Alisoma chuo kikuu, kisha akasafiri Asia na Marekani akiwa kijana wa miaka ya ishirini. Aliporudi alishika nafasi yake katika kampuni ya familia, lakini moyo wake ulikuwa umeshahamia kwenye safari.

Wakati huo Ulaya ilikuwa na ubishi wa muda mrefu kuhusu Kilimanjaro. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji juu ya mlima tarehe 11 Mei 1848, akaandika habari hiyo. Wataalamu waliokaa London hawakumwamini. Walisema haiwezekani theluji iwepo karibu na ikweta. Miaka ya 1861 na 1862 Karl Klaus von der Decken aliupanda hadi zaidi ya mita 4,000. Mwaka 1871 mmisionari Mwingereza, Charles New, aliifikia theluji yenyewe. Kuwepo kwa theluji kukawa hakuna shaka tena, lakini hakuna aliyejua juu kabisa kuna nini.

Wachaga waliokaa chini ya mlima walikuwa wakiijua misitu yake na njia zake tangu zamani. Walijua pia kwamba kule juu kuna baridi inayoua. Wao walikuwa na migomba, mifugo na mifereji ya maji ya kushughulikia. Aliyekuwa na haja ya kufika ncha ni mgeni.

Kwa nini Unguja

Katika miaka ya 1880 mtu yeyote aliyetaka kwenda bara ya Afrika Mashariki kwa msafara alifikia Unguja kwanza. Hapa ndipo palipopatikana nguo, shanga na waya wa shaba, ambavyo vilitumika kama fedha njiani. Hapa ndipo walipopatikana wafanyabiashara wa kukopesha na wakala wa kukusanya wapagazi. Na hapa ndipo walipopatikana wapagazi wenyewe, watu wa visiwani na wa mrima, wengi wao wakiwa wameshatembea hadi Tabora, Ujiji na mbali zaidi.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili. Mkulima wa karafuu anaijua frasila: ni karibu kilo 16. Basi mpagazi alibeba kilo 30 na zaidi kichwani au begani, juu yake akaongeza mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, anayejua njia. Wanyapara walisimamia makundi.

Huo ndio mtandao alioukuta Hans Meyer, na bila ya huo asingefika hata chini ya mlima.

Mara ya kwanza: ukuta wa barafu

Mwaka 1887 Meyer alijaribu kwa mara ya kwanza, akiwa na umri wa miaka 29. Alipanda kupitia Marangu, nchi ya Mangi Marealle, akiwa na Mjerumani mwenzake, von Eberstein. Walipita msitu, wakapita nyasi na mawe, wakaingia kwenye baridi.

Von Eberstein alichoka akabaki nyuma. Meyer aliendelea hadi kiasi cha mita 5,500. Hapo akakutana na ukuta wa barafu. Hakuwa na vifaa vya kupandia barafu wala mwenzake mwenye ujuzi huo. Akarudi.

Alijifunza jambo moja: nguvu za miguu peke yake hazitoshi. Anahitajika mtu anayeijua barafu kama nahodha anavyoujua mkondo.

Mara ya pili: minyororo badala ya mlima

Mwaka 1888 alirudi kwa kishindo. Safari hii alikuja na msafara mkubwa na mwenzake Oscar Baumann, mtaalamu wa jiografia kutoka Austria. Baumann huyu baadaye alikuwa balozi mdogo wa Austria na Hungaria hapa Zanzibar, na aliandika vitabu kuhusu visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia.

Walipitia Usambara, lakini hawakufika Kilimanjaro. Mwezi Agosti mwaka huo kampuni ya Kijerumani ilianza kutawala mwambao, ambao mpaka hapo ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Pangani ikawaka moto. Watu walikataa bendera ya kampuni na amri za maofisa wake. Aliyeongoza mapambano hayo ni Abushiri bin Salim al-Harthi.

Wapagazi wengi wa Meyer waliutoroka msafara. Yeye na Baumann walipojaribu kurudi pwani walikamatwa, wakafungwa minyororo. Meyer, mtoto wa matajiri wa Leipzig, akawa mateka wa watu ambao nchi yao ilikuwa ikichukuliwa na Wajerumani wenzake.

Waliachiwa baada ya kulipwa fidia ya fedha nyingi. Aliyesaidia katika mapatano hayo ni Sewa Haji, tajiri wa asili ya Kihindi aliyefanya biashara ya misafara Zanzibar na Bagamoyo. Jina hilo bado linatamkwa kila siku Dar es Salaam, kwa sababu Hospitali ya Muhimbili ina jengo linaloitwa Sewahaji.

Meyer alirudi Unguja akiwa hana msafara, hana mizigo na hana mlima. Watu wengi wangeishia hapo.

Mara ya tatu: hesabu ya chakula

Mwaka 1889 alikuja tena, na safari hii alikuwa amebadilisha mambo mawili.

La kwanza ni mwenzake. Alimchukua Ludwig Purtscheller wa Salzburg, Austria, mwalimu wa mazoezi ya viungo na mmoja wa wapanda milima hodari kabisa wa zama zake. Purtscheller alikuwa amezoea barafu ya milima ya Alps, na alijua kukata ngazi ndani yake kwa shoka maalumu.

La pili ni mpango wa chakula, na hapa tunaomba msikilizaji utulie kidogo, kwa sababu ndipo penye siri ya safari nzima.

Waliotangulia walipanda kwa mkupuo mmoja. Walibeba chakula cha siku chache, wakajaribu, na chakula kilipokwisha walishuka mpaka chini, wakiwa wamechoka na bila hamu ya kurudia. Meyer aliona kwamba tatizo kubwa kuliko barafu ni njaa. Kwa hiyo aliweka kambi kwa mfululizo. Kambi kubwa ilikuwa Marangu, kwa Mangi Marealle. Nyingine ilikuwa pembezoni mwa msitu. Nyingine ilikuwa juu zaidi ya mita 4,000, kati ya Kibo na Mawenzi, mahali pasipo na mti wala kivuli. Wapagazi walipanda na kushuka baina ya kambi hizo kila baada ya siku kadhaa, wakipeleka chakula na kuni.

Kwa mpango huo wapandaji wangeweza kushindwa leo, wakashuka kidogo, wakala, wakalala, wakajaribu tena keshokutwa. Hawakulazimika kuweka kila kitu kwenye siku moja.

Njia ya Pangani ilikuwa bado ya vita. Basi msafara ulitokea Mombasa mwanzoni mwa Septemba, ukapita nyika kavu hadi Taveta, na kabla mwezi haujaisha ukawa Marangu. Mangi Marealle aliwapokea. Mtawala huyo alijua kupima faida ya wageni, na bila ruhusa yake hakuna ambaye angepita katika nchi yake wala kununua ndizi na mbuzi wake.

Mwinyi Amani wa Pangani

Katika kambi ya juu kabisa Meyer alibakiwa na mtu mmoja wa kumsaidia. Wengine walishindwa kustahamili baridi wakarudishwa kwenye kambi za chini. Aliyebaki Meyer amemwandika kitabuni kwa jina la Muini Amani, ambalo kwa Kiswahili chetu ni Mwinyi Amani. Alikuwa mtu wa Pangani.

Tafakari hapo. Mwaka mmoja kabla, Meyer alifungwa minyororo katika vita vilivyoanzia Pangani. Mwaka uliofuata uhai wake ulikuwa mikononi mwa mtu wa Pangani.

Kazi ya Mwinyi Amani ilikuwa kukaa. Wenzake wawili walipoondoka usiku kwenda kwenye barafu, yeye alibaki peke yake kambini zaidi ya mita 4,000 juu, usiku maji yakiganda, akilinda vitu, akichunga moto na kungoja. Alikuwa mtu wa pwani, aliyezaliwa kwenye joto na minazi. Alikaa huko siku baada ya siku. Kama angeamua kushuka, wapandaji wangerudi wakiwa wamechoka na kukuta kambi haina moto wala chakula.

Tarehe 3 Oktoba: siku ya kurudi

Tarehe 3 Oktoba 1889, kiasi cha saa 8 na nusu usiku, Meyer na Purtscheller walianza kupanda kutoka kambini. Walipita mawe na changarawe kwa saa nyingi. Asubuhi walifika kwenye barafu, upande wa kusini mashariki wa Kibo. Purtscheller alitangulia akikata ngazi moja baada ya nyingine kwa shoka. Barafu ilikuwa ngumu kama kioo, na kila ngazi ilidai mapigo mengi. Walikuwa wamefungana kwa kamba ili mmoja akiteleza mwingine amzuie.

Hewa ya kule ni nyepesi, karibu nusu ya ile tunayovuta huku chini pwani. Kila hatua chache ilibidi wasimame kuvuta pumzi. Jua lilipopanda, theluji ilianza kulainika na miguu ikawa inazama.

Karibu na saa 8 mchana walifika kwenye ukingo wa juu. Mbele yao palikuwa na shimo kubwa la volkeno, lenye upana wa kilomita mbili hivi, na barafu ndani yake. Hapo ndipo siri ya miaka mingi ilipofunuliwa: juu ya Kibo kuna kreta. Na hapo hapo waliona kwamba sehemu ya juu kabisa haiko pale waliposimama. Ilikuwa upande wa kushoto, kusini mwa ukingo. Ingewachukua kama saa moja na nusu kuifikia.

Saa moja na nusu tu. Miaka mitatu ya jitihada, fedha nyingi, kifungo, na sasa kilele kinaonekana kwa macho.

Walirudi.

Walipiga hesabu ya mwanga wa jua, nguvu zilizobaki na njia ya kushukia, wakaona wakiendelea watakutwa na usiku kwenye barafu bila ya hema. Mvuvi wa Tumbatu anaielewa hesabu hii bila ya kuelezwa. Samaki wapo, lakini upepo umegeuka na jua linazama; mwenye akili hugeuza tanga. Walishuka, na jioni wakafika kambini, ambako Mwinyi Amani alikuwa akiwangoja.

Katika maisha yote ya Hans Meyer, sisi tunaona uamuzi huu ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote. Na uliwezekana kwa sababu chakula kilikuwepo chini. Mtu anayejua kuna moto na uji unaomsubiri, na kwamba keshokutwa ataweza kujaribu tena, hurudi kwa moyo mwepesi. Asiye na pa kurudi huendelea, na wengi wa namna hiyo hufia mlimani.

Tarehe 6 Oktoba: kilele

Siku iliyofuata walipumzika. Tarehe 5 walihamia kwenye pango lililo juu zaidi, ili wapunguze umbali wa siku ya kilele. Tarehe 6 Oktoba walitoka saa 9 usiku. Ngazi walizokata siku tatu kabla zilikuwa bado zipo kwenye barafu, na jambo hilo liliwaokolea saa nyingi. Kabla ya saa 3 asubuhi walikuwa ukingoni. Wakageuka kushoto, wakapita juu ya vichuguu vya mawe, na kiasi cha saa 4 na nusu asubuhi wakawa juu ya mahali parefu kuliko pote Afrika.

Siku hiyo Purtscheller alikuwa akitimiza miaka 40.

Meyer alisimamisha bendera ndogo ya Ujerumani na kukipa kilele jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Alichukua pia jiwe kutoka kileleni, akaenda kumzawadia mfalme huyo. Hawakukaa muda mrefu. Ukungu ulianza kupanda, nao wakashuka.

Kwa jumla walikaa huko juu zaidi ya wiki mbili. Walijaribu mara kadhaa kupanda Mawenzi, kile kilele cha pili chenye meno, lakini ncha yake haikuwakubali. Ilipandwa mwaka 1912 na Wajerumani wengine, Eduard Oehler na Fritz Klute.

Huku pwani mambo yalikwenda njia nyingine. Tarehe 15 Desemba 1889, wiki kumi tu baada ya siku ile ya kilele, Abushiri alinyongwa Pangani. Bendera iliyosimamishwa juu ya Kibo na kamba iliyotumika Pangani zilikuwa za utawala mmoja.

Maisha yake baada ya mlima

Meyer aliandika kitabu kikubwa kuhusu safari hii, kilichotoka mwaka 1890, na kikampa umaarufu Ulaya yote. Mwaka 1898 alirudi Kilimanjaro pamoja na mchoraji Ernst Platz. Mwaka 1903 alikwenda kupanda milima ya volkeno ya Ecuador, Amerika Kusini. Mwaka 1911 alisafiri Rwanda na Burundi, na baadaye akaandika kitabu kuhusu Warundi.

Hatutaki kumpamba kuliko alivyokuwa. Meyer aliamini kwamba Ujerumani inastahili makoloni, na alikaa kwenye baraza lililoishauri serikali yake kuhusu makoloni. Alinunua kazi za shaba za Benin zilizoporwa na jeshi la Waingereza mwaka 1897 katika nchi ambayo sasa ni Nigeria. Mwaka 1915 alikuwa profesa wa jiografia ya makoloni katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Alifariki Leipzig tarehe 5 Julai 1929, akiwa na miaka 71.

Purtscheller alitangulia. Aliumia vibaya mlimani Alps mwaka 1899, akafariki mwaka uliofuata.

Jina alilolipa kilele halikudumu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge juu ya mlima, na kilele kikaitwa Uhuru. Lakini jina la Meyer mwenyewe bado lipo mlimani: kuna pango linaloitwa kwa jina lake katika njia ya Marangu, na wapandaji hupumzika hapo usiku.

Majina yaliyochelewa

Kwa miaka mingi simulizi ilikuwa ya watu wawili peke yao. Mwaka 1989, miaka 100 ya kupandwa kwa Kibo ilipoadhimishwa, Tanzania ilimtambua mzee wa Marangu, Yohani Kinyala Lauwo, kuwa miongoni mwa vijana wa Kichaga walioongoza msafara wa Meyer, akazawadiwa nyumba. Mzee Lauwo aliongoza wageni mlimani kwa miaka mingi ya maisha yake, na alifariki mwaka 1996. Umri wake, na umbali aliofika na Meyer, bado unajadiliwa na watafiti. Lakini kwamba Wachaga waliongoza njia na kubeba mizigo, hilo halina ubishi.

Na wale waliotoka Unguja na mrima je? Mwinyi Amani ana jina kitabuni. Wengi walioshika zamu ya kupandisha kuni na chakula katika baridi ile hawajulikani na watu wa leo. Huenda wengine walirudi visiwani na kuzeeka hapa, wakiwasimulia wajukuu kuhusu maji yanayogeuka jiwe, na wajukuu wakadhani babu anatia chumvi.

Barafu inayopungua

Jambo jingine la Meyer linatuhusu sote. Aliporudi mwaka 1898 aliona kwamba barafu imerudi nyuma katika miaka tisa tu. Aliliandika hilo, na kumbukumbu zake zinatumika na wanasayansi hadi leo. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Ukuta uliomzuia Meyer mwaka 1887 sasa kwa sehemu kubwa ni mawe makavu.

Ukitaka kupanda leo

Siku ya kilele kwa njia ya Marangu inafanana sana na ile ya mwaka 1889. Wapandaji huondoka kambi ya Kibo, kiasi cha mita 4,700, karibu na saa 6 usiku. Huenda usiku kwa sababu changarawe zikiwa zimeganda hupandika vizuri zaidi, na ili wapate mchana wa kushukia. Hufika ukingoni, mahali panapoitwa Gilman's Point, alfajiri, kisha huzunguka ukingo hadi Uhuru. Siku hiyo hiyo hushuka mpaka kambi ya Horombo. Ni mwendo wa saa 10 hadi 14.

Sisi watu wa pwani mwili wetu umezoea hewa nzito ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mambo haya ni muhimu:

- Panda kwa siku nyingi kadiri unavyoweza. Siku moja ya ziada ya kupumzika Horombo husaidia sana. Nenda polepole hata kama unajiona una nguvu.
- Kunywa maji na ule hata kama hamu haipo.
- Kichwa kikiuma na tumbo likichafuka, mwambie kiongozi wako mapema. Usifiche kwa kuona haya.
- Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kupumua kwa shida hata akiwa amekaa, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku. Kushuka ndiyo dawa.
- Kupanda bila kiongozi mwenye leseni hakuruhusiwi. Mpagazi asibebeshwe mzigo uliozidi kilo 20, na apate chakula, nguo za baridi na malipo yake.

Mwenye siku moja tu anaweza kuingia lango la Marangu asubuhi, akatembea msituni hadi kambi ya Mandara na kreta ndogo ya Maundi, na akarudi jioni. Ni mwendo wa kuchosha lakini unamfaa mtu mwenye afya njema, na anaonja mlima bila ya hatari za kule juu.

Na siku ikifika ambapo uko karibu, kilele unakiona, lakini mwili au saa inakukatalia, kumbuka tarehe 3 Oktoba 1889. Aliyefika wa kwanza alifika kwa sababu siku tatu kabla alikubali kurudi, na kwa sababu chini yake kulikuwa na mtu wa Pangani aliyekataa kuuacha moto uzimike.